Nani Alibaki na Wazee?

Tarehe 29 Novemba 1901 serikali ya Ujerumani ilitoa amri kuhusu watumwa wa majumbani katika koloni lake la Afrika Mashariki. Amri hiyo haikufuta utumwa. Iliuwekea utaratibu: mtumwa apewe siku mbili katika juma afanye shughuli zake mwenyewe, na bwana awajibike kumlisha na kumuuguza mtumwa wake hata atakapokuwa mzee au mgonjwa. Kisha kikafuata kifungu cha kuziba mwanya. Bwana aliyemwachia huru mtumwa ambaye uzee au maradhi yamemwishia nguvu hakuondokewa na wajibu huo.

Sheria haikatazi jambo ambalo hakuna anayelifikiria. Ikiwa mtunga sheria aliona haja ya kuandika kwamba uhuru usitumike kumtupa mzee, basi alijua kuwa uhuru wa namna hiyo uliwezekana: mtu analima shamba la mwingine miaka thelathini, mgongo unapinda, kisha asubuhi moja anaambiwa aende zake, sasa yu huru.

Wilaya ya Tabora ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizokuwa na watumwa wengi zaidi katika koloni zima. Nchi ambayo leo tunaiita Kaliua ilikuwa upande wa magharibi wa eneo hilo, mbele ya Urambo ya Mtemi Mirambo, kuelekea Uvinza na Ujiji. Kwa hiyo mtu akitaka kujua lini wajibu wa kuwatunza wazee uliandikwa rasmi katika nchi hii, mojawapo ya maandishi ya mwanzo kabisa atakayoyakuta ni hayo. Yanamhusu mzee asiye na ukoo, na anayeamriwa kumtunza ni mtu aliyekuwa akimmiliki.

Ninaanza hapo kwa sababu kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, tunasimuliwa hadithi nyingine. Tunaambiwa kwamba zamani wazee walitunzwa na jamii, kwamba ilikuwa mila yetu, na kwamba usasa ndio ulioharibu. Hadithi hiyo haikosi ukweli, lakini imeficha jina la mtendaji. Jamii haina mikono ya kuchota maji. Mzee aliyeshindwa kutembea mwaka 1880 alichotewa maji na mtu fulani, akapikiwa uji na mtu fulani, akaoshwa na mtu fulani. Tukimtafuta mtu huyo kwenye njia ya zamani ya misafara, tutaelewa kwa nini leo, tunapozungumza juu ya kuwafundisha na kuwawezesha wanaotunza wazee, tunaona taabu hata kukubali kwamba wanachofanya ni kazi.

*

Wanyamwezi walijulikana kwa upagazi tangu zamani. Vijana walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo na kurudi na nguo, shanga na waya. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo thelathini, na safari ya kwenda pwani ilichukua miezi. Misafara mingi ya Wanyamwezi wenyewe iliondoka kiangazi, baada ya mavuno, na wapagazi walijitahidi kurudi kabla ya mvua za kilimo. Kijana aliyewahi kufika pwani alirudi na heshima ambayo aliyebaki nyumbani hakuwa nayo.

Kadiri biashara ya pembe ilivyokua, ndivyo safari zilivyorefuka. Vijana walivuka Ziwa Tanganyika, wakaingia Manyema, wengine hawakurudi mwaka ule wala uliofuata. Wengine walijiunga na rugaruga, askari vijana wa watemi kama Mirambo na Nyungu ya Mawe. Mirambo, aliyefariki Desemba 1884, alijenga dola yake kwa nguvu za vijana wa namna hiyo, walioondolewa kwenye mashamba ya baba zao na kupewa bunduki.

Sasa tuhesabu waliobaki: wanawake, watoto na wazee. Na kadiri miaka ilivyokwenda, watumwa. Wanaume wa Unyamwezi walipokuwa barabarani, sehemu ya faida ya safari ilinunua watu wa kuwalimia mashamba, na wengi wa watu hao walikuwa wanawake waliotekwa katika nchi za magharibi na kusini. Kijana alibeba mzigo kwenda pwani, na mateka kutoka Manyema akachota maji ya baba yake kijana. Sherehe za kurudi kwa msafara zilimhusu yule wa kwanza. Huyu wa pili hatumsikii.

Njia yenyewe haikuwa na huruma kwa waliochoka. Mpagazi aliyeugua aliachwa kwenye kijiji cha jirani kama palikuwa na kijiji, na kando ya njia kama hapakuwa nacho. Kuzeeka katika kazi hiyo lilikuwa jambo la wachache. Mmoja wao tunamjua kwa jina: Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa India, akarudi Afrika akiwa mtu huru. Alifika Tabora na Burton na Speke mwaka 1857, akapita tena na Speke na Grant, kisha na Stanley, kisha akavuka bara zima na Cameron. Mwaka 1876 chama cha wanajiografia cha London kikampa pensheni. Aliipokea hadi alipofariki mwaka 1885.

Bombay alistahili kila senti. Lakini pensheni yake inaonyesha pia mpaka wa fikra za wakati ule. Maelfu walibeba mizigo kwenye njia ileile. Mmoja alikumbukwa uzeeni, kwa sababu alikuwa ameandikwa vitabuni. Uzee uliolipwa ulikuwa uzee wa mtu aliyetembea. Aliyebaki nyumbani kumtunza mama wa mpagazi hakuingia kitabu chochote.

*

Amri ya mwaka 1904 ilisema kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wangekuwa huru. Kwa wazazi wao, utumwa uliendelea. Kisha ikaja vita. Mnamo Septemba 1916 Wabelgiji waliiteka Tabora, na pande zote zilizopigana zilichukua nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Waingereza walipokabidhiwa nchi, walifuta utumwa kwa sheria ya mwaka 1922.

Hakuna wa kuulilia utumwa. Lakini zingatia hesabu ya siku ile kwa mwanamke wa miaka sitini aliyeletwa Unyamwezi akiwa msichana. Kijiji alichozaliwa hakijui kilipo. Lugha ya mama yake ameisahau. Watoto wake, kama aliwapata, wanahesabiwa katika nyumba ya bwana. Amri ya 1901 ilimpa haki moja dhaifu, ya kulishwa na aliyemmiliki. Sasa hakuna bwana, kwa hiyo hakuna wajibu wa bwana, na hakuna kilichowekwa mahali pake. Vijana waliotoka utumwani waliweza kuhama, kutafuta kibarua, kuanza upya mjini au kwenye reli. Wazee wengi walibaki palepale walipokuwa, wakiendelea kula kwa hisani ya nyumba zilezile.

Hapo ndipo neno jamaa lilipofanya kazi kubwa. Mtumwa wa jana akaitwa bibi, akaitwa shangazi, akapewa kona ya kulala na mtoto wa kumchotea maji. Kufumba na kufumbua, historia ya kununuliwa ikageuka historia ya udugu. Huo ulikuwa utu, na wengi walizikwa kwa heshima kwa sababu yake. Lakini ndiyo sababu pia leo ni vigumu kuuliza nani alikuwa nani katika ua wa zamani. Tunapokumbuka ua uliojaa watu wa kuwahudumia wazee, mara nyingi hatuulizi wote walifikaje pale.

*

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kaliua ikawa kituo, na baadaye, tawi la kwenda kwenye machimbo ya madini ya risasi ya Mpanda lilipojengwa kuelekea mwaka 1950, ikawa njiapanda. Mizigo iliyokuwa kichwani ikahamia kwenye mabehewa. Vijana hawakuacha kuondoka, walipanda treni. Walikwenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Waliajiriwa kwa mkataba, na mkataba ulimtambua mtu mmoja mwenye nguvu. Mashamba ya mkonge yalimchukua kijana akiwa tayari amelelewa na kumrudisha akiwa amechoka. Gharama za pande zote mbili za umri zililipwa na kijiji: mama aliyemlea bila malipo, na mke au binti atakayemuuguza bila malipo.

Baadhi ya kazi zilikuja na ahadi ya uzeeni. Mfuko wa akiba ya wafanyakazi ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, na wafanyakazi wa reli walikuwa na mafao yao. Katika mkoa kama Tabora, mtu wa reli alikuwa mtu wa kuonewa wivu: ana mshahara, ana nyumba ya shirika, ana pensheni inayomngoja. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, pamoja na shirika lake la reli. Wastaafu wake Watanzania walidai mafao yao kwa miongo, wakiandamana Dar es Salaam na mikongojo hadi miaka ya 2000. Wengi walifariki wakidai.

Na hao ndio waliokuwa na karatasi. Mkulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua hakuwa nayo. Tumbaku ilishika mizizi huko baada ya mpango wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947 kushindwa, na hadi leo ndiyo fedha ya wilaya. Ni zao linalohitaji mikono mingi: kuotesha, kuhamisha miche, kuvuna jani kwa jani, kukata kuni, kulinda moto wa bani usiku kucha. Familia nzima hufanya kazi hiyo, na malipo huandikwa kwa jina la mmoja. Mwanamke aliyefunga majani miaka arobaini anafika uzeeni bila hata stakabadhi ya kuonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi.

*

Julius Nyerere aliijua Tabora. Alisoma Shule ya Serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937, akafundisha St. Mary's kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu Ujamaa alijibu swali la wazee moja kwa moja. Alieleza kwamba katika Afrika ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Mzee aliyeonekana amekaa tu kivulini alikuwa amefanya kazi kwa bidii siku za ujana wake, na heshima aliyopewa ilitokana na umri na utumishi wake. Miaka mitano baadaye Azimio la Arusha lilitaja kundi dogo la watu wenye haki ya kutegemea jasho la wenzao, na ndani yake wamo watoto wadogo na wazee wasiojiweza.

Haya ni mawazo mazuri, na nadhani hatujapata bora kuliko hayo ya kumjibu mtu anayemwona mzee kuwa hasara. Mzee ameshalipa. Anachokula leo ni akiba yake. Lakini picha ya jamii isiyokuwa na tajiri wala mtwana haifanani na Tabora ya miaka ya 1880, na Nyerere mwenyewe aliona ufa mmoja mkubwa katika picha hiyo. Katika Ujamaa Vijijini, mwaka 1967, alikiri kwamba desturi za zamani ziliwabebesha wanawake kazi kuliko haki yao. Hakulimalizia wazo hilo upande wa wazee, kwa hiyo tulimalizie sisi. Ikiwa mzee wa kivulini anapumzika kwa haki, nani amemletea kiti? Na yule aliyeleta kiti, naye ana umri gani, na kivuli chake kiko wapi?

Bibi wa kijijini hapumziki. Anapata wajukuu. Janga la Ukimwi lilipochukua watu wazima katika mikoa ya magharibi na ziwa, wazee walirudi kuwa wazazi. Huko Nshamba, Muleba, mkoani Kagera, mradi uitwao Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa mabibi wa namna hiyo pensheni ndogo kila mwezi. Tathmini ya mwaka 2008 ilionyesha fedha hizo ziliishia kwenye chumvi, sabuni na viatu vya shule. Yaani mzee alipopewa fedha za kutunzwa, alizitumia kutunza. Mpaka kati ya mtunzaji na mtunzwa, ulio wazi sana katika mipango ya ofisini, haupo ndani ya nyumba.

*

Kuna jambo jingine ambalo historia ya wazee wa magharibi haiwezi kulikwepa. Tume ya serikali iliyochunguza mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi ilihesabu watu 3,693 waliouawa kati ya mwaka 1970 na 1984. Wanawake walikuwa 2,286. Karibu theluthi mbili walikuwa wa Usukumani, katika mkoa wa Mwanza na ule wa Shinyanga unaopakana na Tabora. Mtafiti Simeon Mesaki aliyeyachunguza mauaji hayo aliyahusisha, pamoja na mambo mengine, na Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini. Watu waliokaa mbalimbali, kila ukoo na mashamba na makaburi yake, walisogezwa pamoja na majirani wasiowachagua. Tabora haikusalimika. Julai 2017 wanawake watano waliuawa na kuchomwa moto wilayani Nzega kwa tuhuma hizohizo.

Mara nyingi mauaji haya huelezwa kwa neno moja, imani potofu, kisha mada inafungwa. Lakini tazama anayetuhumiwa. Mara nyingi ni mjane anayekaa peke yake. Macho yake ni mekundu, kwa sababu amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha. Anaongea peke yake, anatoka usiku bila kujua anakokwenda, anamtaja aliyekufa kana kwamba alimwona jana. Anayejua anaona moshi na ugonjwa wa kusahau. Asiyejua anaona ushahidi.

Ujuzi hapa unaokoa maisha, bila kutia chumvi. Magu, mkoani Mwanza, shirika la wenyeji la MAPERECE lilikwenda nyumba kwa nyumba na jambo dogo sana: kuwajengea wazee majiko yasiyojaza moshi, huku likizungumza na wanakijiji kuhusu macho mekundu. Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 6 ya watu wenye miaka 70 na kuendelea walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Hukohuko yalijaribiwa mazoezi ya kikundi ya kuchangamsha akili, yaliyorekebishwa ili hata mzee asiyejua kusoma ashiriki. Ina maana katika kijiji chenye wazee mia moja wa umri huo, watu sita hivi wanaweza kuwa na maradhi ambayo jirani anayaita uchawi, binti anayaita ukaidi, na mjukuu anayachekea.

*

Kaliua ilikuwa wilaya mwaka 2012, ikimegwa kutoka Urambo, na sensa ya mwaka huo ilikuta watu 393,358. Idadi imeongezeka sana tangu hapo, kwa sehemu kwa sababu ya wahamiaji: wafugaji na wakulima wa Kisukuma waliofuata ardhi, na kabla yao wakimbizi wa Burundi waliopokelewa Ulyankulu mwaka 1972. Aliyevuka mpaka akiwa na miaka ishirini sasa amepita sabini. Mwaka 2010 serikali iliamua kuwapa uraia wakimbizi hao wa zamani wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, watu wapatao 162,000. Ni kizazi kilichozeeka mbali na makaburi ya babu zao, kama walivyozeeka mateka wa Manyema kabla yao, ingawa hawa wamepata karatasi iliyowatambua.

Karatasi kwa wazee wa nchi nzima pia zipo. Sera ya Taifa ya Wazee ni ya mwaka 2003. Sera ya Afya ya 2007 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee na bango la kutaka mzee apishwe ahudumiwe kwanza. Tabora mjini kuna makazi ya wazee ya Ipuli chini ya serikali. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la. Bara bado haina pensheni ya namna hiyo kwa wote. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba wenye miaka 60 na kuendelea ni asilimia 5.7 ya Watanzania, zaidi ya watu milioni tatu, na karibu wote wako majumbani.

Dirisha la wazee linamsaidia mzee aliyefika dirishani. Aliyepooza kwa kiharusi kilomita arobaini kutoka barabara ya lami anahudumiwa na mkwe, au binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, au mjukuu wa kike aliyeacha shule. Mtu huyo anahitaji kujua mambo ambayo hayazaliwi na upendo. Kwamba asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili hivi, na ngozi ya nyonga, visigino na kiuno ikaguliwe kila siku, maana kidonda cha mgandamizo huanza kama wekundu mdogo, au weusi usiotulia kwenye ngozi nyeusi, na kikishazama hakiponi kirahisi. Kwamba anayelishwa akalishwe wima, kidogo kidogo, asije akapaliwa na uji ukaingia mapafuni. Kwamba dawa ya shinikizo la damu haiachwi siku mgonjwa anapojisikia nafuu. Kwamba kumnyanyua mtu mzima kunatumia miguu, na anayetumia kiuno atakuwa mgonjwa wa pili nyumba hiyohiyo. Kwamba mzee anayesisitiza kuwa mumewe aliyekufa atarudi jioni habishiwi. Anaulizwa habari za huyo mume.

Hakuna kati ya haya linalohitaji digrii. Yote yanafundishika katika siku chache, kwenye ofisi ya kata, shule au msikiti. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, wanaopewa mafunzo na posho. Huo ni mlango. Mhudumu mmoja anayepita nyumbani mara moja kwa wiki hawezi kuwa mikono ya kila siku, lakini anaweza kuwa mwalimu wa mwenye mikono hiyo. Mabaraza ya wazee nayo yapo. Wenyewe ndio wanaojua nyumba ipi ina mtu aliyelala bila kutembelewa.

Kikwazo ninachokiona ni cha zamani. Huwezi kumfundisha mtu kazi ambayo hukubali kwamba ni kazi. Tukisema binti anamtunza mama yake kwa sababu ni binti, mafunzo yanaonekana kama tusi, kana kwamba tunamfundisha kupenda. Tukisema posho, tunaambiwa tunauza utu. Lakini njia hii ya misafara imekuwa ikiuza utunzaji kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Uliuzwa kwa nguo na shanga pale mateka aliponunuliwa ili mpagazi aondoke. Ulimezwa ndani ya ujira wa manamba, ndani ya bei ya kilo ya tumbaku. Aliyeufanya ndiye pekee ambaye hakuonja malipo.

Na leo umo kwenye simu zetu. Wengi wetu tuliosoma, tuliotoka Kaliua au Nzega au Sikonge na kuishia Dodoma, Dar es Salaam au ng'ambo, tunatuma fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi. Zinafika kabla hujaweka simu mfukoni. Ni jambo jema, kama kitambaa alichorudi nacho mpagazi kutoka pwani kilivyokuwa jambo jema. Tunapopiga simu tunamuuliza mama amelalaje, amekula nini, dawa zimebaki ngapi. Aliyeshika simu upande wa pili, aliyemlaza, aliyempikia na anayezijua dawa, mara nyingi hatumuulizi neno. Angalau tuanze na maswali anayohitaji kuulizwa mfanyakazi yeyote: umefundishwa na nani kumgeuza, kiuno chako kinaendeleaje, unapumzika siku gani, na unalipwa nini.